Kabla hujauza bati ukanunua injini

Jumanne nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Mbeya. Ana Toyota Mark II GX100, amegawiwa milioni tatu na nusu kwenye kikoba, na fundi wake amemwambia hela hiyo inatosha kung'oa injini yake ya 1G na kufunga 1JZ ya tabo, injini kubwa zaidi ya Toyota yenye kifaa cha kuisukumia hewa. "Kaka, gari halivuti kabisa, mlimani hata Noah zinanipita. Nifunge nisifunge?" Niliusoma mara tatu. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2019, na yaliniponza.

Gari langu ni GX100 ya 1997. Desemba 2018 tulikuwa tunakwenda Iringa kwa mama, shemeji yangu kakaa mbele, mke wangu na watoto nyuma. Pale mlima Kitonga nikajaribu kulipita lori la kontena. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari likanguruma tu bila kwenda, ikabidi nirudi nyuma ya lori huku basi linaloshuka linaniwashia taa na kupiga honi. Shemeji alikuwa ameshika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili. Tulipofika juu akasema kwa upole, "Shemeji, hili gari limechoka." Hakuwa na nia mbaya. Mimi niliumia, tena mbele ya wanangu, na Iringa nzima sikuwaza kitu kingine.

Niliporudi Dar nikachukua milioni 4.2 niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya bati za nyumba ya Kibaha. Fundi akaniahidi wiki mbili. Injini ikaletwa kutoka Ilala kwa guta, ikashushwa juu ya tairi kuukuu, nikaipiga picha. 1JZ-GTE, nguvu za farasi 280, wakati yangu ilitoka kiwandani na 140. Sikuuliza swali hata moja.

Baada ya hapo ikawa ni kutoa hela tu. Gia boksi ya 1G haiendani na 1JZ, toa hela. Propela shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ikatwe ichomelewe upya, toa hela. Kontrol boksi iliyokuja na injini, ile kompyuta inayoiendesha, ilikuwa ya gari la gia za mkono, langu ni otomatiki. Rejeta kubwa, pampu ya mafuta, mabomba ya tabo, waya. Wiki mbili zikawa miezi saba. Kila Jumamosi nilikuwa naenda gereji nakuta boneti liko wazi, nyaya zimening'inia, kila mmoja umebandikwa kipande cha selotepu kilichoandikwa kwa peni, na jua limeshafuta maandishi. Miezi ile mke wangu alipanda daladala usiku mara mbili na mtoto mwenye homa mgongoni. Hilo halijanitoka moyoni.

Jumla ilifika milioni 9.7. Gari likatembea siku kumi na tisa. Lilikwenda kweli, siwezi kukana. Siku ya ishirini, karibu na Chalinze, mshale wa joto ukapanda, gasketi ya hedi ikaungua, nikafungua kifuniko cha oili nikakuta rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwenye oili. Fundi alisema ni petroli mbaya. Baada ya wiki simu yake ikawa haipatikani. Hajaniomba radhi mpaka leo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa Kibaha. Swali lake la kwanza: "Hiyo injini ya zamani ilikuwa na kompresheni kiasi gani?" Sikujua. Kompresheni ni nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, ikishuka ujue injini imechoka. Hakuna mtu aliyewahi kuipima. Tukaifuata kule gereji chini ya turubai, akairudisha kwenye gari, akapima silinda zote sita. Zote zilikuwa nzuri na zilikaribiana. Injini niliyoitupa ilikuwa nzima!

Kisha akatafuta kwa nini ilikuwa haivuti. Alifungua sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, akaacha tundu wazi, akaliendesha hivyo hivyo na makelele yake. Likavuta. Yaani masega ya ekzosi, kile kichujio cha moshi, yalikuwa yameziba na moshi hauna pa kutokea. Waya wa eksileta ulikuwa umelegea, pedeli ikigusa sakafu throto, mlango wa hewa ya injini, haijafunguka yote. Kalipa ya nyuma kushoto, ile inayobana breki, imeganda, breki inashika muda wote. Ukiigusa rimu baada ya safari fupi inakuunguza. Plagi zimeisha. Matengenezo yote hayo, ukiacha kazi ya kurudisha injini, yalikuwa laki nne na sitini.

Desemba iliyopita nilipanda tena Kitonga, shemeji yuleyule kiti kilekile. Nilisubiri palipo salama, nikakanyaga, likaitika. Akanigeukia: "Umefunga nini humu?" Nikamjibu, "Ileile ya kwake." Nilifurahi kuliko siku nilipoishusha ile 1JZ kwenye guta.

Sasa mdogo wangu wa Mbeya, nisikilize. Mji wako uko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita mia unazopanda. Farasi 140 za Dar, huko kwako ni kama 116, hata injini ikiwa mpya. Sehemu ya uzito unaousikia ni mlima, na sehemu nyingine huenda ni uchafu na uchakavu wa kawaida kama wangu. Pima kwanza. Usikubali fundi akuuzie injini kabla hajapima uliyonayo.

Ikionekana imekufa kweli, kubadilisha kuna maana, kwa sababu hela ya kuifufua ungeitoa vilevile. Lakini tafuta ile ambayo Toyota wenyewe waliifunga kwenye bodi hiyo: 1G ya VVT-i yenye farasi 160, au 1JZ isiyo na tabo ya lita 2.5. Nunua injini, gia boksi, kontrol boksi na waya zilizotoka gari moja. Namba ya injini iko kwenye kadi, kwa hiyo TRA wabadilishe kadi, na watu wa bima waambie. Hela aliyokutajia fundi izidishe mara mbili. Kama huna, huna. Na breki zitangulie. Breki zilizotengenezwa kwa farasi 140, ukishuka nazo Kitonga na farasi 280 na watoto nyuma, unamtegemea Mungu peke yake. Vijana tunapenda kwenda, kusimama hatukufikirii. Mimi sikukufikiria, na ningeweza kuua familia yangu kwa sababu ya neno moja la shemeji.

Hela ya kikoba iache ilipo wiki hii. Nenda gereji, injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, eksileta imekanyagwa mpaka chini, fundi apime kompresheni ya silinda moja moja na wewe umesimama pale unaandika. Nitumie hizo namba sita.