Baba Mkwe, Mjukuu na Jioni Ndefu

SWALI: Mhariri mpendwa, baba mkwe wangu ana umri wa miaka 74, naye alihamia kwetu Kisumu kutoka Butere baada ya kufiwa na mkewe. Alifanya kazi ya reli hadi alipostaafu. Tangu aje, hukaa mbele ya televisheni kuanzia taarifa ya habari ya saa moja hadi usingizi umchukue papo hapo kitini, ilhali mwanangu wa miaka 12 huwa ameinamia simu akicheza mchezo wa kandanda. Macho ya mzee yamepungua nguvu, kwa hivyo magazeti ameyaacha. Rafiki yangu amenishauri ninunue Rosa Mistika, kwa sababu mwandishi wake alitoka huku huku ziwani. Je, wewe ungependekeza kitabu gani, muziki upi au mchezo gani? Na ni nani atakayemsomea, maana mimi ni mkaza mwana na mipaka yetu unaijua?
Mkaza Mwana, Kisumu

JIBU: Mama mpendwa, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lililobeba mengine yote. Mkaza mwana hawezi kuketi karibu na baba mkwe akamsomea hadithi yenye mapenzi ndani yake, wala mzee mwenyewe hangestarehe. Mjukuu hana kizuizi hicho. Babu na mjukuu ni watani. Wanaruhusiwa kubishana, kukosoana na hata kuchekana, na katika barua yako ni hao hao wawili wanaokaa sebule moja bila kusemezana. Kwa hivyo kila ninachokupendekezea kinahitaji watu wawili, mmoja wa macho na mmoja wa kumbukumbu.

Kuhusu Rosa Mistika, ni kweli kwamba Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa letu, na riwaya hiyo ya 1971 ni miongoni mwa kazi ninazozipenda mno. Lakini inaeleza bila kificho jinsi msichana aliyelelewa kwa ukali anavyoangamia, na iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Mtoto wa miaka 12 asipewe kuisoma kwa sauti mbele ya babu yake. Inunue, uisome wewe.

Kwa hao wawili ningechagua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Sikichagui kwa umaarufu wake, ingawa kiliwahi kutahiniwa shuleni na huenda mumeo anakikumbuka kwa uchungu wa mitihani. Ninakichagua kwa sababu ni kitabu cha safari, naye mzee wako ameishi maisha yake yote safarini. Kijana Kongowea, aliyezaliwa Tanga na mama mwimbaji wa taarabu, anamtafuta babake hadi upande wa Kitale, na Walibora, ambaye alikuwa mzaliwa wa Bungoma, anazitaja nchi hizi kama mtu anayezifahamu. Mtu wa reli hawezi kusikia msafiri akitajiwa njia asitake kumsahihisha, na pale atakapomkatiza msomaji ili aeleze kituo fulani kilivyokuwa enzi zake, kijana asiambiwe aendelee kusoma. Jambo moja la kujihadhari nalo ni kwamba mamake Kongowea anafariki mapema katika hadithi. Kwa mzee aliyefiwa, mwonye mwanao asizipite kurasa hizo mbio mbio kama anayesoma tangazo, wala asizilazimishe iwapo babu atasema imetosha kwa leo. Kurasa nne au tano kwa jioni moja zinatosha.

Muziki ndio utakaowaingiza katika kitabu, kwa hivyo uanze nao. Mwambie mwanao atafute kwenye simu hiyo hiyo nyimbo za George Mukabi, mpigaji gitaa wa Kiluhya aliyefariki mwaka 1963. Mtindo wake, omutibo, ni wa gitaa lisilo na umeme, linalodonolewa kwa vidole huku chupa ya soda ikigongwa pembeni kutunza mapigo. "Mtoto si Nguo" imeimbwa kwa Kiswahili, hivyo mjukuu aliyekulia mjini ataifuata bila mkalimani. Mzee alikuwa mtoto mdogo nyimbo hizo zilipovuma, nami ningeshangaa sana kama hatamtaja mjomba au jirani aliyekuwa na santuri zake. Baada ya Mukabi aje Daudi Kabaka na twisti zake, ambazo huenda zikamfanya mzee atikise mguu. Benga iwe ya Jumamosi, kwa sauti ya juu kidogo.

Katika michezo, nilifikiria bao la Kiswahili, ila lina mashimo 32 na kete 64, na sheria zake huchosha mwanafunzi asiye na mwalimu wa pwani. Drafti inawafaa zaidi. Fundi yeyote wa soko la Kibuye hapo Kisumu atakukatia kipande cha mbao na kukichora miraba, na kete ni vifuniko vya soda, upande mmoja vimelala kifudifudi na upande mwingine chali. Kwa macho yaliyopungua, mwagize fundi aifanye miraba mikubwa na aipake rangi zinazoachana sana. Mtoto anayeibuka mshindi kwenye simu kila siku atapata mshtuko wa kuliwa kete tatu kwa mruko mmoja na mtu asiyeiona simu yenyewe vizuri.

Televisheni msiiondoe. Taarifa ya habari ni haki ya mzee, na ikitokea vichekesho vya Vioja Mahakamani vikirudiwa, keti nao mcheke, kwa umbali wenu wa kawaida.

Ukinunua Siku Njema kwa wauza vitabu vikuukuu, fungua kwanza kurasa za mwisho uone kama zimo, kwa maana nakala zilizopita mikononi mwa wanafunzi mara nyingi zimeng'olewa hapo, na mzee hatakusamehe.