Kubadilisha valvu bila kupasua kifua

Pole, mama. Mwanao wa miaka 9 alishapasuliwa moyo, sasa valvu (kilango cha moyo) ya kupeleka damu mapafuni inavuja, na unaogopa kifua kufunguliwa tena. Njia nyingine ipo: valvu mpya hukunjwa kwenye mrija, ikapitishwa mshipa wa paja hadi moyoni, ikatanuliwa kwa puto. Ufaransa walianza mwaka 2000. Ila mtoto mwembamba sana mishipa yake huwa haipitishi mrija.

Nenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili, na ripoti ya upasuaji wa kwanza (usiwaachie nakala halisi!). Waulize kama puto linaweza kubana mishipa inayolisha moyo.

Jino bovu litibiwe mapema. Bakteria wa kinywani hushambulia valvu mpya. Akizimia, au homa ikigoma kushuka, mkimbize hospitali siku hiyohiyo.