Ukienda Guangzhou, Lijue Jengo Lako la Abiria

Sisi tunaofuata mzigo Guangzhou, China, hujipanga vizuri kwa bei, nauli na visa, lakini uwanja wa ndege wa Baiyun tunauchukulia kama mlango wa kupitia tu. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi safari moja ya kurudi Dar es Salaam ambayo nusura niikose.

Wakala aliyenikatia tiketi aliniambia kwamba naondokea Jengo la 1. Nilipanga foleni na mabegi yangu mawili, kila moja likiwa na kilo 23 kamili, na nilipofika mbele yule dada wa kaunta aliigeuza karatasi yangu, akaweka ncha ya kalamu juu ya tarakimu moja ndogo, 2, kisha akanionyesha mlango. Nilirudisha mabegi kwenye toroli, nikashuka hadi kituo cha treni ya chini ya ardhi, nikapanda Laini ya 3 kituo kimoja mbele, kutoka Airport South hadi Airport North, na nikaifikia kaunta ikiwa karibu kufungwa. Mikono ilinitetemeka hata kalamu ya kujazia fomu ikanishinda kushika.

Wakala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akirudia maelezo yaliyokuwa sahihi zamani, na hapo ndipo wengi wetu tunapoponzwa, kwa sababu habari za Baiyun tunapokezana kwa mdomo wakati uwanja wenyewe haukai ulivyokuwa. Ule wa zamani, uliofunguliwa mwaka 1932, ulizingirwa na mji hata ukakosa pa kupanukia, ndipo Agosti 2004 ukahamishiwa mahali ulipo sasa, takriban kilomita 28 kaskazini ya katikati ya jiji. Jengo la 2 lilifunguliwa Aprili 2018, na Oktoba 2025 likafuata Jengo la 3 pamoja na njia ya tano ya kurukia ndege. Kila jengo jipya linapofunguliwa, baadhi ya mashirika huhamishwa. Kwa hiyo mwenzako aliyekwenda mwaka 2017 anaweza kukuelekeza kwa moyo safi kabisa na bado akakupoteza.

Ushauri wangu mkubwa, basi, ni kwamba usome namba ya jengo kwenye tiketi yako mwenyewe, kisha uihakikishe tena kwa shirika la ndege siku moja kabla ya kuondoka. Kama unaunganisha ndege kwenda mji mwingine wa China, usikubali tiketi yenye nafasi finyu, kwa maana utapita uhamiaji, utachukuliwa alama za vidole, utafuata mabegi yako, na huenda ukalazimika kuhamia jengo jingine. Katika misimu ya Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou ambayo huanza Aprili na Oktoba, jiongezee muda zaidi. Herufi CAN utakazoziona kwenye kibandiko cha begi zisikutie shaka, kwani zinatokana na Canton, jina la zamani la Guangzhou kwa wageni.

Jina na anwani ya hoteli yako viandikwe kwa herufi za Kichina, kwenye karatasi, kabla hujaondoka nyumbani. Nasisitiza karatasi kwa sababu ukitumia intaneti ya uwanjani, WhatsApp na ramani za Google hazitafunguka, na dereva wa teksi aliye mbele yako hawezi kusoma "Xiaobei", mtaa wanakofikia Waafrika wengi, uliyoiandika kwa herufi zetu.

Jambo la mwisho ni pawabenki. Iweke kwenye begi la mkononi, na kama utapanda ndege ya ndani ya China hakikisha ina alama ya 3C, yaani alama ya ubora na usalama ya China, kwa kuwa tangu tarehe 28 Juni 2025 isiyo na alama hiyo huruhusiwi kupanda nayo.