Chumba Ng'ambo ya Mto

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama msafiri anayekaa Ulaya kwa miezi mingi apange malazi yote kabla ya kuondoka, au ayatafute akishafika. Jibu langu ni kwamba alipie siku chache tu za mwanzo, kisha atafute chumba kwa miguu yake mwenyewe, kwa kuwa kutafuta huko ndiko kutakakomfunza mji. Nayasema haya kutokana na majuma kumi na moja niliyokaa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kuanzia Januari hadi Machi. Mimi nina kibali cha ukaazi cha Ujerumani, nacho kinaniruhusu kukaa katika nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, siku 90 ndani ya kila siku 180. Anayetoka nyumbani kwa viza ya matembezi huombwa uthibitisho wa malazi tangu ubalozini, kwa hiyo uhuru wake ni mdogo kuliko wangu.

Nilijifunza kwa gharama. Nikiwa bado Ujerumani nililipa kodi ya mwezi mzima, pamoja na amana, kwa chumba cha mtaa wa Alfama nilichokiona katika picha tu. Tangazo lilisema "quarto interior", nami nikaelewa kuwa ni chumba cha upande wa ndani, mbali na kelele za barabarani. Kumbe katika matangazo ya nyumba ya Kireno maneno hayo humaanisha chumba kisicho na dirisha la kutazama nje. Nyumba nyingi za zamani za Lisbon hazina mitambo ya kupasha joto, na majira ya baridi ndiyo majira ya mvua, kwa hiyo chumba kisichopitisha hewa hakikauki. Baada ya majuma mawili ukuta wa nyuma ya kabati ulikuwa mweusi kwa kuvu, nguo zangu zilinuka uvundo, na mwenye chumba alikataa kunirudishia chochote.

Kilichonisikitisha zaidi ya fedha ni kwamba nilikuwa nalala Alfama bila kuijua. Mtaa huo ulinusurika kwa sehemu kubwa katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, na vichochoro vyake vinapinda na kupanda kama vya Mji wa Kale wa Mombasa. Lakini kando ya mlango baada ya mlango kuna kibao chenye herufi AL, alama ya nyumba inayopangishwa wageni wa siku chache, na karibu kila niliyempisha kwenye ngazi alikuwa akiburuta sanduku.

Ndipo nikaanza kutembea, nikisoma karatasi zilizobandikwa madirishani zenye neno "Aluga-se", yaani inapangishwa. Nilijifunza kusoma anwani: "r/c" ni ghorofa ya chini, na "3.º Esq." ni ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Chumba kimoja kilinipandisha hadi kilima cha Graça, katika jengo lisilo na lifti. Kingine kilinipeleka Campo de Ourique kwa tramu namba 28, ambayo wageni huipanda kwa ajili ya picha, ilhali siku ile nilikaa kati ya wazee waliotoka sokoni na vikapu vyao. Mouraria, mtaa walioachiwa Waislamu baada ya mji kutekwa na Wakristo mwaka 1147, niliuzunguka siku tatu. Kila nilipoingia chumba niligusa ukuta kwa kiganja, nikafungua kabati na kunusa, nikauliza jua huingia saa ngapi, nani analipa umeme, na kama nitapewa mkataba na stakabadhi. Aliyesitasita kwenye swali hilo la mwisho nilimshukuru nikaenda zangu.

Chumba chenyewe nilikipata kupitia Msikiti Mkuu, ulio karibu na Praça de Espanha na uliofunguliwa mwaka 1985. Baada ya sala ya Ijumaa mzee mmoja wa Msumbiji alinisikia nikizungumza kwa simu na mama yangu, akanijia akinisalimu kwa Kimwani, lugha ya pwani ya kaskazini mwa nchi yake ambayo ni jirani sana na Kiswahili. Tulielewana vizuri kiasi cha kutosha. Nilipomweleza shida yangu alisema, "Mwanangu, vuka maji," akanipa namba ya mama mmoja wa Almada, ng'ambo ya mto Tejo, aliyekuwa na chumba chenye dirisha la kusini.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni. Kupanda feri asubuhi si jambo geni kwangu. Kutoka Cacilhas, gati la Almada, hadi Cais do Sodré, gati la upande wa Lisbon, ni kama dakika kumi, na kadi ya mwezi ya euro 40 ililipia feri, metro, mabasi na treni za mji wote na viunga vyake. Kutoka majini ndipo nilipouona mji ulivyokaa juu ya vilima vyake, na mitaa iliyonyooka ya Baixa, iliyojengwa upya baada ya tetemeko, ikilala bondeni katikati. Mama mwenye nyumba aliniandikia orodha ya vyombo vya chumbani; nilipokuta "mesa" na "copos" sikuhitaji kamusi, kwani meza na kopo tulivipata kwao.

Kwa kuwa sikuwa na haraka, Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto, nilikwenda mara tatu. Mara mbili za kwanza nilipita nje ya kanisa la Jerónimos bila kuingia. Mara ya tatu niliingia, nikasimama mbele ya kaburi la Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na kisha Malindi mwezi Aprili 1498, nikabaki pale mpaka kundi la watalii lilipoondoka. Kisha nikarudi gatini, nikavuka. Mama mwenye nyumba aliniuliza nilikuwa wapi. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, akanikaribisha supu, akataka nimsimulie habari za Mombasa.