Maswali ya Wasomaji: «Go off» ni kulia au kuzimika?

Swali: Ndugu Mhariri, nikisoma «the alarm went off» nadhani alamu imezima, kumbe imelia. Nikisoma «the lights went off», taa zimezimika kweli. Nishike lipi?

Jibu: Shika kiima, yaani kile kinachotajwa kabla ya kitenzi. Kikiwa alamu, bomu au bunduki, «go off» ni kulia au kulipuka. Kikiwa taa au umeme, ni kuzimika. Kikiwa maziwa au nyama, hasa katika Kiingereza cha Uingereza, ni kuharibika: «the milk has gone off». Kikiwa mtu, mara nyingi ameondoka: «he went off without a word». Hapo lakini tazama na kinachofuata baada ya kitenzi pia. «I've gone off coffee» haina safari yoyote ndani yake. Msemaji hapendi tena kahawa.

Kuchambua «go» peke yake na «off» peke yake hakukufikishi mbali. Kiswahili nacho kina mambo haya: anayepiga simu, anayepiga pasi na anayepiga mbizi, hakuna hata mmoja anayechapa mtu. Kwa hiyo usiandike daftarini «go off = kulia». Andika sentensi nzima, pamoja na kiima chake, kila maana mstari wake. Orodha ndefu za vitenzi bila sentensi ndizo zinazowachosha wanafunzi bure.

Swali: Niliandika «turn down it», mwalimu akaikata. Mbona «look after it» aliiacha?

Jibu: Alikuwa sahihi kote kuwili. «Turn down» inatenganishika. Ukitaja nomino, una hiari: «turn down the radio» au «turn the radio down». Ukitumia kiwakilishi kama «it», «him» au «them», hiari imekwisha. Lazima kikae katikati: «turn it down». «Look after» haitenganishiki kamwe, hivyo «look him after» ni kosa.

Kwa kutazama tu hutajua kipi ni kipi. Fungua kamusi ya wanafunzi uangalie mahali palipowekwa «something» au «somebody»: «turn something down», lakini «look after somebody». Vya maneno matatu, kama «put up with» na «run out of», karibu vyote havitenganishiki. Kinachowaangusha wengi ni «look forward to»: kitenzi kinachofuata huchukua -ing, kwa hiyo andika «I look forward to seeing you», si «to see you».

Na usisahau kutazama kinachotendwa. Ukiambiwa «turn down» redio, punguza sauti. Anayefanya «turn down» ombi la kazi amelikataa.

Swali: Je, vitenzi hivi vya Kiingereza vya maneno mawili au matatu vinafaa katika barua rasmi?

Jibu: Vingine vinafaa kabisa. «Carry out» imejaa katika ripoti za utafiti. Badala ya «put off» andika «postpone», na badala ya «put up with» andika «tolerate». «Mess up» na «chill out» waachie marafiki. Na «cope up with», inayosikika sana, iondoe kila mahali, barua rasmi au mazungumzo: Kiingereza sanifu ni «cope with».