Mwanangu, huyo Southgate unayemtaja aliwahi kushusha timu daraja

Marahaba, binti yangu. Ujumbe wako wa sauti ulinikuta sokoni, kelele tupu, nikausikiliza vizuri nilipofika nyumbani, mama yako akiwa pembeni yangu. Umesema kocha wenu kaondoka, mwenyekiti kakuita ofisini, anataka uvue jezi namba tano uchukue timu, tena kama kocha mkuu, ligi ya mkoa ikiwa karibu kuanza. Ukaniuliza: "Baba, nitawawekaje benchi watu niliolala nao chumba kimoja kambini?" Kabla sijapata la kusema ukajijibu mwenyewe: mbona Gareth Southgate alitundika daluga akakabidhiwa timu papo hapo, na Uingereza akaipeleka fainali mbili za Ulaya?

Ni kweli. Ila umeruka katikati ya habari, na swali lako linajibiwa huko huko uliporuka. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Haya ya leo tukiyaongea kwa simu utanikatiza.

Unamjua kama kocha wa kizibao, lakini mimi namkumbuka akiwa beki. Mzaliwa wa Watford, mwaka 1970, akakulia soka Crystal Palace. Pale alikuwa zaidi kiungo, na akiwa nahodha waliibuka mabingwa wa daraja la pili kwa ukubwa mwaka 1994 wakarudi Ligi Kuu. Mwaka uliofuata wakashuka tena, yeye akaenda Aston Villa, na huko ndiko walikomfanya beki wa kati. Hakuwa na mbio za kutisha wala mwili wa kugombana na washambuliaji wakubwa. Alikuwa msomaji wa mchezo, anafika mpira unapokwenda kabla ya mwenye mpira kuamua. Wewe unacheza hivyo hivyo, kwa hiyo sishangai mwenyekiti wenu kukuona una kichwa cha ukocha.

Penalti aliyoikosa 1996 dhidi ya Ujerumani, nusu fainali ya Ulaya pale Wembley, sitaikalia. Kipa wao Köpke aliipangua, Möller akafunga ya kwao, na kijana wa watu akabebeshwa msiba wa nchi nzima. Nikukumbushe moja tu: kabla ya usiku ule alikuwa amewahi kupiga penalti moja katika mechi kubwa, akiwa Palace, nayo iligonga mwamba. Bado alijitolea. Mama yake mzazi, inavyosimuliwa, alimuuliza kwa nini hakuutandika tu kwa nguvu. Mama ni mama, hata Uingereza.

Sasa twende Middlesbrough, maana ndiko ulikoruka. Alifika huko mwaka 2001 kwa pauni milioni 6.5, akaja kuwa nahodha, na mwaka 2004 akanyanyua Kombe la Ligi pale Cardiff baada ya kuwafunga Bolton 2-1. Klabu ilianzishwa 1876, na lile ndilo lilikuwa kombe lake kubwa la kwanza. Mei 2006 wakafika fainali ya Kombe la UEFA huko Eindhoven, Sevilla wakawachapa 4-0. Hiyo ndiyo ikawa mechi yake ya mwisho kucheza. Kocha wao, Steve McClaren, alikuwa ameshachukuliwa na timu ya taifa, na mwenyekiti Steve Gibson akageukia chumba chake mwenyewe cha kubadilishia nguo. Juni ile ile nahodha akawa kocha mkuu, miaka 35, hana leseni ya juu ya ukocha ya UEFA, chama cha soka cha Ulaya. Ikabidi iombwe ruhusa maalumu ili aruhusiwe kukaa kwenye benchi la Ligi Kuu.

Hapa ndipo kuna swali lako hasa. Alikuwa na pacha wake wa ulinzi, Ugo Ehiogu. Walianza pamoja Villa, wakachukua Kombe la Ligi la 1996, wakakutana tena Middlesbrough, wakasimama bega kwa bega siku ile ya Cardiff. Southgate mwenyewe alikuja kusema kwamba pengine hakuna mtu aliyecheza naye mechi nyingi kuliko Ugo. Sasa fikiria: Julai unaingia mazoezini na mtu huyo, jana mlikuwa mnagawana washambuliaji, huyu wako yule wangu, leo wewe ndiye unayeshika karatasi ya kikosi. Ugo umri umeenda na nafasi inapungua. Januari 2007 akaondoka kwenda Rangers ya Scotland.

Lakini usiishie kwenye huruma. Machi ile ile, Ugo akaenda kuwafunga Celtic, watani wa jadi, nyumbani kwao, kwa tikitaka, kaubetua mpira juu ya kichwa akiwa amelipa goli mgongo. Beki wa kati! Rangers wakashinda 1-0. Baadaye akawa kocha wa vijana, akashiriki hata katika timu za vijana za Uingereza, hadi alipofariki ghafla mwaka 2017, akiwa na miaka 44 tu, na Southgate akamlilia hadharani kama ndugu. Nakwambia haya kwa sababu wewe unaogopa kwamba ukimweka rafiki benchi umemmaliza. Hujammaliza. Anaweza akanuna mwezi mzima, anaweza akahama timu, na bado mkapikiana pilau Idi ijayo.

Kilichomshinda Southgate pale hakikuwa urafiki. Ilikuwa kazi yenyewe. Msimu wa kwanza alimaliza nafasi ya 12, wa pili ya 13, na siku ya mwisho ya msimu huo wa pili akawatandika Manchester City 8-1, Afonso Alves akipiga matatu. Ungeona magazeti ungedhani mfalme kazaliwa. Msimu uliofuata, 2008/09, akamaliza nafasi ya 19 na timu ikashuka, baada ya miaka kumi na moja mfululizo Ligi Kuu.

Haki yake nimpe: klabu ilikuwa inabana matumizi. Yakubu aliuzwa Everton, Viduka akaenda Newcastle, kisha Schwarzer, Boateng na Luke Young nao wakaondoka. Kocha mzoefu angeweza naye kushuka na kikosi kile. Lakini kocha mzoefu angejua lini kupiga meza kwa mwenyekiti, na nani wa kumleta badala ya nani. Southgate alikuwa anajifunza hayo yote mbele ya watu elfu thelathini kila wikiendi, na kila somo alilifeli kwa pointi za watu. Oktoba 2009, wakiwa daraja la chini, aliwafunga Derby 2-0, timu ikawa nafasi ya nne, pointi moja tu nyuma ya vinara. Usiku huo huo akafungashiwa virago. Ameshinda mechi, hata nguo za jasho hazijakauka, anaitwa anaambiwa asante kwa huduma. Na huyo ni mwenyekiti aliyempenda! Wako wewe unamfahamu kiasi gani?

Halafu ndiyo inakuja ile miaka ambayo watu hawaisimulii, kwa sababu haina makombe. Hakurukia timu nyingine. Mwaka 2011 aliingia ofisini kwenye chama cha soka cha Uingereza, kazi ya kusimamia ukuzaji wa vipaji: mikutano, viwanja vya watoto, mabishano kuhusu watoto wa miaka minane wacheze kwenye uwanja wa ukubwa gani. Mwaka 2013 akapewa timu ya taifa ya chini ya miaka 21. Na huko nako alianguka: michuano ya Ulaya ya 2015 kule Jamhuri ya Czech walimaliza mkiani mwa kundi. Ila safari hii alianguka mahali ambapo mtu anaruhusiwa kuanguka. Mwaka uliofuata akachukua kombe la Toulon, michuano ya vijana kule Ufaransa. Kina Kane, Lingard na Pickford wote walipita mikononi mwake kabla dunia haijawajua.

Kwa hiyo 2016, kocha wa Uingereza Sam Allardyce alipoondoka baada ya mechi moja tu na Southgate akaitwa kushika timu ya wakubwa kwa muda, aliyeingia hakuwa yule wa Middlesbrough. Mtihani wake wa kwanza ulikuwa Wayne Rooney: nahodha, na wakati huo mfungaji bora wa historia ya nchi. Wanakwenda Ljubljana kucheza na Slovenia, Southgate anaamua Rooney aanzie benchi. Tazama alivyofanya. Hakusubiri karatasi ya kikosi ibandikwe ukutani. Alimwambia mwenyewe kwanza, na siku moja kabla ya mechi wakaketi wote wawili mbele ya waandishi wa habari, meza moja, kocha anaeleza na aliyewekwa benchi yuko pembeni yake. Mechi yenyewe ilikuwa ovyo, 0-0, lakini hakuna aliyeweza kusema kachomekewa kisu gizani. Joe Hart naye, kipa wa miaka mingi, aliachwa nje ya kikosi cha Kombe la Dunia 2018, goli akapewa Pickford.

Huko Urusi nadhani unakumbuka, tulitazama pamoja kwenye banda umiza la pale njia panda, joto la kuoka mkate. Penalti na Colombia. Yule mtu aliyekosa mwaka 1996 alikuwa ameifanya penalti kuwa somo la darasani: wachezaji walifanyishwa mazoezi hata ya kutembea kutoka katikati ya uwanja kwenda kwenye mpira, wakaambiwa wasikurupuke filimbi ikilia. Henderson wa Uingereza akakosa, Uribe wa Colombia akagonga mtambaapanya, Pickford akampangua Bacca, Dier akamaliza. Uingereza ilikuwa haijawahi kushinda kwa penalti katika Kombe la Dunia. Wewe ulikuwa unaruka juu ya benchi. Mimi nilikuwa namwangalia Southgate: kaacha shangwe, kaenda kumkumbatia Uribe.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Fainali ya Wembley 2021 na Italia, Shaw kafunga mapema, timu ikarudi nyuma hadi Bonucci akasawazisha, kisha Rashford, Sancho na Saka wakakosa penalti, na wapumbavu wakawatukana kwa rangi yao. Southgate akasema wapigaji niliwachagua mimi, lawama ni zangu. Fainali ya Berlin 2024, Hispania 2-1, goli la Oyarzabal dakika za lala salama. Siku mbili baadaye akajiuzulu, baada ya mechi 102. Kaka yako anasema alikuwa mwoga, anapaki basi akiwa na washambuliaji wa dhahabu. Hapo simpingi sana. Ule ubeki haukumtoka, ukifunga goli la mapema unataka kulilinda, na wewe nawe jichunge, maana nakujua. Lakini tangu Alf Ramsey wa 1966, ambaye naye alikuwa beki, hakuna kocha mwingine wa Uingereza aliyekuwa ameifikisha timu ya wanaume fainali kubwa. Na yule Saka aliyelia mwaka 2021, robo fainali ya 2024 na Uswisi ndiye aliyesawazisha, kisha penalti yake akaiweka wavuni. Kocha asiyetupa watu huvuna hivyo.

Sasa jibu langu. Ukocha mkuu, kwa msimu huu, ukatae. Nenda kwa mwenyekiti na pendekezo mkononi, usiende na "hapana" tupu: mwambie utamsaidia kocha atakayeletwa, na utachukua mabinti wa chini ya miaka 17 uwanoe mwenyewe. Una leseni ya ukocha daraja D tu, ya chini. Omba klabu ikupeleke kozi ya C, na hilo liandikwe, siyo maneno ya kwenye kahawa. Tena kuna jambo hukulitaja: Southgate alikuwa amemaliza kucheza. Wewe goti ni zima, pumzi ipo. Mwenyekiti anapata kocha wa bei rahisi na anapoteza beki wake bora, sijui kama amepiga hesabu hiyo.

Mama yako hakubaliani nami, nami nimeahidi kuandika. Anasema nafasi kwa mwanamke haigongi hodi kila siku, na ukikataa watampa mwanaume ambaye hata D hana, mtamsikiliza miaka mitano. Ana hoja. Kwa hiyo ukiamua kukubali, mimi sitanuna, ila hama chumba kile kabla ya mazoezi ya kwanza. Na yule pacha wako wa namba nne, ambaye sote tunajua kasi imempungua, mwite mzungumze wawili kabla hujapanga kikosi chochote. Asije akasikia kwa mtunza vifaa.

Ada ya kozi mkikwama na klabu, niambie kabla ya mwisho wa mwezi, kuna pesa ya korosho nitaipokea. Mama yako anauliza kama ile dawa ya kuchua ilifika au kondakta wa basi kakaa nayo.

Baba yako