Kulinda mtambo wa maji dhidi ya wavamizi: anzia kwenye paneli

Novemba 2023, kituo cha kusukuma maji cha mji wa Aliquippa, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kilivamiwa kupitia mtandao. Kidhibiti kilichoshambuliwa, yaani kompyuta ndogo ya viwandani inayoendesha pampu, kilikuwa cha kampuni ya Unitronics. Tahadhari iliyotolewa na mamlaka za Marekani ilieleza kwamba vidhibiti vya aina hiyo vilikuwa vinafikika moja kwa moja kwenye intaneti, vinasikiliza kwenye poti (mlango wa mawasiliano wa kifaa mtandaoni) namba 20256, na inaelekea vilikuwa bado na nenosiri la kiwandani: 1111. Mafundi wa Aliquippa walizima otomatiki, wakaendesha pampu kwa mkono, na maji ya wananchi hayakuathirika.

Kwa hiyo kabla hujanunua kifaa chochote cha ulinzi, chukua daftari ufungue kila paneli, yaani kabati la umeme lenye vidhibiti. Andika aina ya kidhibiti, toleo la programu yake ya ndani, anwani yake, na kebo inakoelekea. Tafuta hasa ile ruta ndogo yenye laini ya simu. Mkandarasi huifunga wakati wa majaribio ili asisafiri kila hitilafu ikitokea; mradi hukabidhiwa, yeye huondoka, ruta hubaki inawaka. Afrika Mashariki, ambako mitambo mingi hutunzwa na watu walio nchi nyingine, ruta hizi ni jambo la kawaida, na mara nyingi haziko kwenye mchoro wowote. Usiendeshe programu za kuchungua mtandao wakati mtambo uko kazini. Vidhibiti vya zamani huzidiwa na maswali mengi ya haraka, vingine hugoma kabisa na pampu husimama. Fuata kebo kwa mkono.

Kisha jaribu ukiwa nje ya mtandao wa mtambo, kwa laini nyingine, uone kama anwani zako zinajibu. Poti za kuangalia ni 502 ya Modbus, 102 ya vidhibiti vya Siemens, 44818 ya EtherNet/IP na 20000 ya DNP3; Modbus, EtherNet/IP na DNP3 ni lugha ambazo vifaa vya mitambo huwasiliana kwazo. Modbus ya kawaida haina nenosiri hata kidogo: anayeifikia anasoma na kuandika atakavyo. Dawa yake ni isifikike. Ikiwa vituo vyako vya mbali vinatumia laini za simu, iombe kampuni ya simu APN ya faragha (njia ya data iliyotengwa kwa laini zako tu), ili laini hizo zisiwe na anwani ya wazi kwenye intaneti.

Huduma ya mbali haiepukiki, lakini isiwe wazi saa 24. Njia ninayoipendekeza kuliko zote ni ya kifundi kabisa: ruta nyingi za viwandani zina ingizo la kidijitali, yaani sehemu ya kuunganishia waya wa swichi, linaloweza kuruhusu au kukata VPN (njia ya siri ya kuingia mtandaoni ukiwa mbali). Funga swichi ya ufunguo mlangoni pa paneli, iunganishe na ingizo hilo, na weka taima ya saa 2. Fundi wa mbali akihitaji kuingia, anapiga simu. Msimamizi wa zamu anazungusha ufunguo na kuandika kwenye kitabu jina, saa na kazi itakayofanywa. Muda ukiisha, VPN inajikata hata kama wote wamesahau. Juu ya hayo, kila mtu awe na akaunti yake yenye uthibitisho wa hatua mbili, na aishie kwenye kompyuta ya kati, asigusane na kidhibiti moja kwa moja. Programu za kushika skrini kwa mbali zilizoachwa zinajiwasha zenyewe kwenye kompyuta ya opereta, ziondoe leo.

Kidhibiti chenyewe nacho mara nyingi kina ufunguo wa kuchagua hali ya kuendesha au ya kupokea programu mpya. Mwaka 2017, kwenye kiwanda cha kemikali za petroli nchini Saudi Arabia, wavamizi walifika hadi kwenye vidhibiti vya Triconex, yaani vile vinavyozima mtambo hatari ikitokea. Ufunguo ulikuwa umeachwa kwenye hali ya kupokea programu, nao wakaingiza yao. Vidhibiti viligundua kasoro, vikazima mtambo, na uvamizi ukajulikana kwa njia hiyo. Weka ufunguo kwenye hali ya kuendesha, uchomoe, uufungie kabatini. Kama kidhibiti chako kinatoa taarifa ya mahali ufunguo ulipo, ifanye iwe kengele kwenye skrini ya opereta.

Jambo ambalo watu wa kompyuta hulisahau, na ambalo mimi naliona muhimu kupita yote, ni kuujenga mtambo ushindwe kudhuru hata ukiamriwa. Chukua dozi ya klorini. Maji yanapita mita za ujazo 100 kwa saa na unataka miligramu 2 kwa lita, yaani gramu 200 kwa saa. Kwa mchanganyiko wa asilimia 1, wenye gramu 10 za klorini kwa lita, unahitaji lita 20 kwa saa. Ukifunga pampu ya dozi ya lita 150 kwa saa kwa sababu ndiyo iliyokuwapo stoo, mvamizi akiifungulia yote anapeleka miligramu 15 kwa lita. Ukifunga ya lita 30, anafika 3 tu, chini ya kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ambacho ni 5. Tangi la siku liwe la lita 500, ambalo kwa unga wa klorini wa asilimia 65 linahitaji kilo 7.7 hivi, likiisha, limeisha, na hakuna amri ya kompyuta itakayolijaza.

Hesabu hiyo huharibika mtiririko ukishuka: kwenye mita za ujazo 50 kwa saa, lita 30 zile zile ni miligramu 6. Kwa hiyo pitisha umeme wa pampu ya dozi kwenye kontakti saidizi ya kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya pampu kuu, ili maji yakisimama na dozi isimame. Ongeza mita ya klorini yenye rilei (swichi ndogo ya umeme) yake yenyewe ya kukata dozi. Waya hizi zisipite kwenye programu. Vikomo vya kiwango cha dozi navyo viandikwe ndani ya kidhibiti. Vikomo vya kwenye skrini peke yake havimzuii mtu anayeandika moja kwa moja kwa Modbus.

Mtu akiacha kazi, badilisha siku hiyo hiyo kila nenosiri alilolijua, pamoja na la redio. Huko Maroochy, Queensland, Australia, mwaka 2000, aliyekuwa mfanyakazi wa mkandarasi alitumia kompyuta na redio kuchezea vituo vya majitaka, na lita zipatazo 800,000 zikamwagika kwenye bustani na mito.

Hifadhi programu ya kila kidhibiti nakala mbili nje ya mtandao, moja nje ya jengo. Kila mwezi linganisha nakala na programu inayoendeshwa. Tofauti ambayo haimo kwenye kitabu cha mabadiliko ichunguzwe kabla zamu haijaisha. Na ujaribu kurejesha kwa kidhibiti cha akiba mezani, kwa sababu nakala nyingi hugundulika ni za toleo la zamani siku zinapohitajika.

Swichi ya Mkono–Sifuri–Otomatiki ya kila pampu ifanyiwe mazoezi. Ukraine, tarehe 23 Desemba 2015, wavamizi walipokata umeme wa wateja wapatao 225,000, waliharibu pia vifaa vya mawasiliano, hivyo mafundi walikwenda kwenye vituo vya kupoozea umeme wakaurudisha kwa mkono. Endesha mtambo wako bila kompyuta zamu moja kila baada ya miezi 3, usiku pia, na kila opereta apite kwenye zoezi hilo, pamoja na aliyeajiriwa wiki iliyopita.